Huduma za kumpokea aliyetoka gerezani: ipi ianze, ipi isubiri, ipi uiache

Anayemaliza kifungo mara nyingi hukabidhiwa orodha: majina ya mashirika, namba za simu, anwani. Namba nyingine hazipokelewi tena, ofisi nyingine zimehama. Orodha si huduma. Hapa tunapitia aina za huduma ambazo mtu hukutana nazo akianza upya, na tunazipima kwa swali moja tu: akitoka kwenye mlango wa ofisi hiyo, ana nini mkononi ambacho hakuwa nacho alipoingia? Kitambulisho, ufunguo, dozi, au miadi yenye saa na jina la atakayempokea, hayo ndiyo majibu. Akitoka na karatasi ya kumpeleka ofisi nyingine, amezungushwa.

Kipimo hiki si kikali kupita kiasi. Kanuni za Mandela, yaani viwango vya chini vya kuwatendea wafungwa vilivyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema karibu hayo hayo. Kanuni ya 108 inataka anayeachiliwa awe na hati na vitambulisho vinavyofaa, makazi na kazi, nguo zinazolingana na hali ya hewa, na uwezo wa kufika aendako na kujikimu siku za mwanzo. Kanuni ya 90 inasema wajibu wa jamii hauishi siku mfungwa anapoachiliwa. Kanuni hizi si mkataba wa kuishtaki serikali, lakini zinampa mhusika na ndugu zake lugha ya kudai. Barua inayotaja namba ya kanuni hujibiwa tofauti na barua ya kuomba huruma.

Kazi inayofanyika kabla ya lango kufunguliwa

Huduma bora kuliko zote ni ile inayoingia gerezani kumwona mtu akiwa bado ndani. Kanuni hiyo hiyo ya 108 inataka wawakilishi wa mashirika waruhusiwe kuingia na waulizwe mapema kuhusu mustakabali wa mfungwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa shirika lolote ni hili: mnakuja gerezani, au mnasubiri ofisini? Linalosubiri ofisini linaweza kuwa zuri, lakini mtu ataanza nalo akiwa tayari amepoteza siku au wiki.

Miezi mitatu kabla ya kutoka ni muda wa kutosha kukamilisha mambo manne. La kwanza ni vitu vilivyowekwa stoo siku ya kuingia: kitambulisho, simu, pesa, vyeti. Daftari la stoo liangaliwe mapema, maana kitu kilichopotea kinatafutwa vizuri zaidi mwenyewe akiwepo, na siku ya kutoka kila kitu kikaguliwe kabla ya kusaini. La pili ni jina. Tahajia ya jina kwenye hati ya kuachiliwa ilingane herufi kwa herufi na ile ya cheti cha kuzaliwa. Mtu aliyeandikishwa kituo cha polisi kwa jina la utani, au jina la babu likarukwa, hubeba kosa hilo hadi benki, na kulisahihisha akiwa nje huhitaji kiapo na ada. La tatu ni muhtasari wa matibabu. La nne ni kuuliza kama kuna kesi nyingine iliyolala au hati ya kukamatwa ambayo haijafutwa. Hili husahaulika sana, na madhara yake ni makubwa: mtu anatoka, anasimamishwa barabarani kwa jambo dogo, anarudishwa ndani kwa shauri alilodhani limekwisha. Wakili wa msaada wa kisheria anaweza kuliangalia mahakamani mapema.

Siku yenyewe ya kutoka nayo ina uzito. Anayeachiliwa Ijumaa mchana hukuta ofisi zinafungwa, na hadi Jumatatu hana pa kulala, hana dawa, hana wa kumuuliza. Uingereza ililiona tatizo hili hadi ikatunga sheria mwaka 2023 inayoruhusu baadhi ya wafungwa watoke siku moja au mbili za kazi kabla ya tarehe inayoangukia Ijumaa. Pasipo na sheria ya namna hiyo, muulize ofisa ustawi tarehe inaangukia siku gani, na upange mapokezi ya wikiendi: nani atakuwa langoni, usiku huo mtu analala wapi.

Hati kwanza, mengine yafuate

Huduma ya kupata hati haina mvuto, lakini ndiyo ya kutangulia, kwa sababu kila dirisha huomba kilichotolewa na dirisha lililopita. Cheti cha kuzaliwa huzaa kitambulisho, kitambulisho husajili laini ya simu, laini na kitambulisho hufungua akaunti, na akaunti ndiyo hupokea mshahara au ruzuku. Ukianza na kazi, mwajiri atakurudisha kwenye akaunti.

Mnyororo huu hukwama zaidi kwenye anwani. Kitambulisho kinadai anwani, na mwenye nyumba anadai kitambulisho. Huduma nzuri hukata duara hilo kwa kuruhusu anwani ya ofisi yake itumike kupokelea barua na kwa kuandika barua ya utambulisho yenye muhuri. Iliyo nzuri zaidi humtuma mfanyakazi kwenda na mhusika hadi dirishani na hulipa ada moja kwa moja. Kusindikizwa si kudekezwa. Aliyekaa ndani miaka mingi hukuta foleni za tiketi, mashine za alama za vidole na fomu za mtandaoni zinazotuma namba ya siri kwenye simu asiyokuwa nayo. Akishindwa mara mbili, harudi.

Hati ya kuachiliwa isikabidhiwe mtu yeyote katika nakala yake halisi. Toa nakala tatu, piga picha, itume kwenye barua pepe yako na kwa ndugu mmoja unayemwamini. Na kuhusu barua pepe: akaunti ya zamani huwa imefungwa kwenye namba ya simu iliyokwisha kugawiwa mtu mwingine. Usihangaike kuifufua. Fungua mpya siku utakayopata laini, kisha usibadilishe namba hiyo mwaka mzima, kwa sababu miadi mingi hupotea kwa namba iliyobadilishwa kuliko kwa uzembe.

Afya: siku kumi na nne za mwanzo

Hapa hatuna upole na huduma zinazosema njoo wiki ijayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliofuatilia zaidi ya watu 30,000 walioachiliwa kutoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani, ulikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Kwa vifo vya kuzidisha dawa za kulevya, hatari ilikuwa mara 129. Sababu inaeleweka. Mwili uliokaa bila heroini au ukiipata kidogo hupoteza ustahimilivu, kisha mtu anatoka na kurudia kipimo chake cha zamani, ambacho sasa kinasimamisha pumzi.

Kwa hiyo kliniki inayofaa kwa mtu mwenye historia ya dawa za jamii ya afyuni, kama heroini, ni ile inayojibu ndiyo kwa maswali haya: Mnaweza kumpokea siku ile ile anayotoka? Mmekwisha kupokea taarifa ya dozi yake kutoka gerezani? Mnatoa naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha afyuni, na mnamfundisha ndugu anayeishi naye kuitumia? Swali la pili ndilo huangusha wengi. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, hunywewa kila siku, na kliniki haiwezi kumpa mtu dozi kwa maneno yake tu. Akikosa siku tatu au zaidi, kwa kawaida dozi hupunguzwa na kupandishwa tena taratibu kwa usalama, na katika siku hizo za arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa, ndipo anapoishia maskani wanakotumia dawa za kulevya. Simu moja kutoka zahanati ya gereza kwenda kliniki, siku chache kabla, huzuia yote hayo. Naloksoni nayo haisaidii ikiwa imefungiwa kabatini: anayezidiwa hawezi kujipa mwenyewe, lazima wa karibu ajue ilipo.

Kwa kifua kikuu, tiba ya kawaida ya miezi sita hukatika kirahisi sana siku ya kutoka, na tiba iliyokatika ndiyo huzaa usugu. Atoke na kadi ya matibabu inayoonyesha tarehe ya kuanza, dawa na mwezi aliofikia, pamoja na jina la kituo kitakachompokea. Kwa anayetumia dawa za kufubaza VVU, atoke na akiba inayofika kwenye miadi ya kwanza na ziada ya siku kadhaa, kwa maana kuhamisha faili huchelewa. Anayechomwa sindano ya mwezi kwa ugonjwa wa akili ajue tarehe ya sindano ijayo na mahali. Kanuni ya 24 ya Mandela inataja mwendelezo huu wa matibabu kwa VVU, kifua kikuu na uraibu waziwazi, kwa hiyo usione haya kuudai.

Ushauri nasaha tunaupa alama nzuri pale unapoanza na mambo madogo: usingizi usiokuja kwenye chumba kisicho na kelele, hofu ya soko lenye watu, mkono unaosita mbele ya mlango kwa sababu kwa miaka milango ilifunguliwa na mwingine. Mshauri anayekimbilia kuuliza kosa lilikuwa nini katika kikao cha kwanza ameanza vibaya.

Pa kulala

Makazi ya dharura ni ya usiku chache tu, yatumike hivyo. Nyumba ya mpito ndiyo huduma inayotofautiana sana kutoka moja hadi nyingine, na kabla ya kukubali kitanda omba masharti kwa maandishi. Muda wa kukaa ni upi? Saa ya mwisho ya kurudi usiku inaruhusu kazi ya zamu? Mtu akiteleza akatumia dawa, anatimuliwa usiku huo huo au anapelekwa kwenye matibabu? Akitakiwa kuondoka, anapewa notisi ya siku ngapi? Kodi ikikatwa kwenye kipato, ni kiasi gani, na anapewa risiti?

Dalili tatu zatosha kukataa bila kujadili: nyumba inayoshika kitambulisho au kadi ya benki ya mkazi, nyumba inayomfanyisha kazi bila malipo kwa jina la mafunzo yasiyo na mwisho unaojulikana, na nyumba inayofanya ibada kuwa sharti la kupata chakula. Imani huwainua wengi na mashirika ya dini hufanya kazi kubwa sana katika eneo hili, ila kitanda kisiwe chambo.

Kuna mifano ya kazi ndani ya makazi iliyo wazi na ya kuheshimika. Delancey Street, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1971, huwataka wakazi wakae walau miaka miwili, wakifanya kazi katika biashara za taasisi yenyewe na kujifunza stadi za kuwapatia ajira. Tofauti yake na unyonyaji ni kwamba masharti yanajulikana kabla ya kuingia. Hata hivyo humfaa mwenye uwezo wa kutoa miaka miwili. Mwenye watoto wanaosubiri ada ya shule atahitaji njia nyingine.

Nyumbani kwa ndugu ndiko wengi huenda, na mara nyingi ndiko bora. Kabla ya kuhamia, soma masharti ya kuachiliwa. Kama aliyeumizwa na kosa anaishi mtaa huo, au ndani ya nyumba yumo mtu aliyeshtakiwa pamoja nawe, kuhamia tu kunaweza kuwa uvunjaji wa masharti. Mwambie ofisa anayekusimamia mapema, na upate jibu lililoandikwa.

Wanawake hukuta huduma nyingi zimejengwa kwa kipimo cha wanaume. Vitanda havipokei watoto, na fomu haziulizi kama kuna mtu wa kumkimbia. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, ambazo ni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wanawake, zinataka msaada wa ziada baada ya kutoka kwa wanawake wanaouhitaji. Nyumba inayowapokea iulizwe jambo moja zaidi: anwani yake hutajwa kwa nani? Kama mlinzi hujibu simu kwa kuthibitisha nani analala humo, si mahali salama kwa aliyetoroka kipigo.

Kazi

Ubaguzi hapa umepimwa. Katika jaribio maarufu lililochapishwa mwaka 2003, mwanasosholojia Devah Pager aliwatuma vijana wenye sifa zinazolingana kuomba kazi Milwaukee, Marekani. Wazungu wasio na rekodi ya jinai waliitwa tena kwa asilimia 34 ya maombi, na wenye rekodi asilimia 17. Kwa weusi ilikuwa asilimia 14 na 5. Huduma ya ajira inayomwambia mtu tatizo ni kujiamini kwake tu haijui inachofanya. Inayojua ina waajiri wenye majina, ambao wameshaajiri waliotoka gerezani, na inaweza kuwapigia simu wewe ukiwa umekaa hapo.

Muda nao unahesabika. Center for Employment Opportunities, iliyoanzia New York, humpa mtu kazi ya muda yenye ujira mara tu anapojiunga, huku ikimtafutia ya kudumu. Ilipotathminiwa kwa kulinganisha makundi yaliyogawanywa kwa bahati nasibu, faida ya ajira ilipungua baada ya kazi zile za muda kuisha, lakini kurudi kwenye uhalifu kulipungua, hasa kwa waliojiunga ndani ya miezi mitatu tangu kutoka. Hili ndilo la kukumbuka unapoambiwa usubiri kundi la mafunzo la mwaka ujao.

Cheti cha fundi kiangaliwe kimetolewa na nani. Kikibeba jina la gereza, omba kile cha mamlaka ya mafunzo iliyosimamia mtihani. Na mashirika yanayogawa vifaa, cherehani au boksi la zana, yaulizwe kama yanalipia pia pango la miezi ya mwanzo na malighafi. Pasipo hayo, kifaa kinauzwa kabla ya mwezi kuisha, na si kosa la aliyepewa.

Kuhusu kuulizwa rekodi: usidanganye, kwa maana uongo unaogunduliwa baadaye ni sababu halali ya kufukuzwa mahali pengi. Sentensi tatu zinatosha. Kosa kwa neno moja, mwaka kifungo kilipoisha, na ulichofanya tangu hapo. Huduma nzuri hukuzoeza kuzitamka hadi sauti isitetemeke. Baadhi ya maeneo hukataza swali hilo kwenye fomu ya kwanza ya maombi, Hawaii ikiwa jimbo la kwanza la Marekani kufanya hivyo mwaka 1998, kwa hiyo muulize wakili sheria ya ulipo kabla ya kujaza kitu ambacho hukutakiwa kukijaza.

Sheria, usimamizi, na waliopita njia hiyo

Msaada wa kisheria wa bure una thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani: madeni yaliyokua wakati wa kifungo, matunzo ya watoto, leseni ya udereva, haki ya kuwaona watoto, na kufuta au kufunga rekodi pale sheria inaporuhusu. Msamaha, kufuta na kufunga ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina athari yake kwa mwajiri anayepekua. Dalali anayeahidi kusafisha jina kwa malipo ya haraka aachwe.

Ofisa wa probesheni au parole, yaani anayemsimamia mtu aliye nje kwa masharti, ni msaada na ni jicho la mahakama kwa pamoja. Wengi wao ni watu wa kusaidia kwa dhati, na ni haki kumuuliza tangu siku ya kwanza ni mambo gani analazimika kuyaripoti. Ukijua utachelewa, piga simu kabla ya saa ya miadi, si baada, na andika ulizungumza na nani na saa ngapi.

Vikundi vinavyoendeshwa na waliowahi kufungwa tunaviweka juu, kwa sababu humo mtu haanzi kwa kujieleza. Lipo jambo moja la kuchunguza: baadhi ya masharti ya kuachiliwa hukataza kukutana na watu wenye rekodi ya jinai, na kikundi hicho kimejaa wao. Omba ruhusa iliyoandikwa kwanza, na kikundi kilichosajiliwa huwa kinajua barua hiyo inaandikwaje. Kwa waliotiwa hatiani kwa makosa ya ngono, ambao mashirika mengi huwafungia mlango, kuna mfumo wa duara ulioanzia Hamilton, Kanada, mwaka 1994: kundi dogo la watu wa kujitolea humzunguka mtu mmoja, humsaidia maisha ya kila siku na papo hapo humwajibisha. Ukiupata karibu nawe, usiuache.

Daftari moja dogo linatosha kuzipima zote. Kila unapotoka ofisini andika tarehe, jina la uliyemwona, alichoahidi na siku ya kutimiza. Ukienda mara mbili ukarudi mikono mitupu, mwambie huyo huyo, kwa adabu, kwamba unataka nakala ya faili lako na barua ya kukuhamishia kwingine. Nakala hiyo, hata ikiwa na kurasa tatu tu, itakuokoa kusimulia kosa lako upya mbele ya mgeni mwingine.